Wiki moja na mama kwenye meli ndogo, kusini-mashariki mwa Alaska: uzoefu wangu

Nianze na pesa, kwa kuwa kila ninapoonyesha picha ndilo swali la kwanza. Chumba cha watu wawili kwa usiku 7, kutoka Juneau kurudi Juneau, kilitugharimu dola 6,200 kila mmoja. Ada za bandari na hifadhi mbali, ndege mbali, bakshishi ya mabaharia mbali. Mimi ni muuguzi Minnesota, na hizo ni akiba za miaka mitatu ya zamu za usiku. Meli kubwa zenye abiria elfu tatu au nne zinakwenda Alaska kwa robo ya bei hiyo, na mtu asikudanganye kwamba nazo hazioni barafu. Zinaiona.

Nilichagua ndogo kwa sababu ya mama. Ana miaka 69, amezaliwa Pangani, binti wa mvuvi, na alikuja kunitembelea kwa viza ya matembezi ya Marekani. Hapa ndipo penye jambo ambalo wenzetu wengi hawaambiwi mapema. Meli kubwa karibu zote zina bendera za nchi nyingine, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu chombo cha kigeni kuzungusha abiria kwenye bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nje. Ndiyo maana safari zinazoanzia Seattle hupitia Victoria, na nyingine huanzia Vancouver kabisa. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania na viza ya matembezi, hiyo ina maana ya kuomba viza ya Kanada, kulipa, kutoa alama za vidole na kusubiri. Meli yetu ilikuwa ya bendera ya Marekani yenye mabaharia wa Marekani, na haikutoka maji ya Marekani hata siku moja. Kutoka Minneapolis tuliruka hadi Seattle, kisha Juneau, basi. Bendera hiyo hiyo ni sababu mojawapo ya bei kuwa juu, kwa sababu mishahara ni ya Marekani. Nililipa nikijua.

Juneau ni makao makuu ya jimbo, lakini hakuna barabara inayoingia wala kutoka. Unafika kwa ndege au kwa chombo. Mama alipoelewa hilo alicheka: "Yaani wako bara, lakini kisiwani."

Meli yenyewe ilikuwa na abiria 58. Haina bwawa la kuogelea, haina ukumbi wa ngoma, na haina lifti. Hilo la lifti liulizeni kabla ya kulipa kama mnasafiri na mzee. Chumba chetu kilikuwa sitaha ya chini na chumba cha kulia sitaha ya juu yake, na kwenda kwenye boti za mpira ni kushuka ngazi ya chuma nyuma, kwenye tezi. Magoti ya mama yalivumilia kwa sababu mabaharia walikuwa wawili kila mara, mmoja mbele mmoja nyuma, na walimfundisha namna ya kushikana kifundo kwa kifundo badala ya viganja. Lakini mzee anayetumia fimbo angeteseka, na tangazo la kampuni halikusema lolote kuhusu hilo.

Kilichomfaa mama kuliko vyote sikukitarajia: chumba cha usukani kilikuwa wazi kwa abiria. Isipokuwa wakati wa kutia nanga au kupita mahali pembamba, ungeweza kuingia, kusalimia, ukakaa kwenye kiti cha pembeni. Nahodha alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza mama alisimama mlangoni akiogopa kuingia. Siku ya pili alikuwa amekalia kile kiti, kanga juu ya koti la mvua, na mimi nimefanywa mkalimani.

Walizungumza habari ya maji. Pwani ile inapwa na kujaa kwa namna ambayo sisi wa Tanga hatujaizoea. Kwetu bamvua kali, maji yanapopishana zaidi kati ya kujaa na kupwa, ni mita tatu na kitu, hata nne. Karibu na Juneau inapita mita 6. Nahodha alieleza kwamba mwezi ukiandama na ukipevuka maji hupishana sana, na katikati ya hapo hupungua nguvu. Alitafuta maneno ya kurahisisha, nami kabla sijamaliza kutafsiri mama akasema, "Bamvua na maji mafu. Mwambie nimeelewa, nimelelewa nayo." Nahodha akachomoa jedwali la maji kwenye ubao, akampa alishike.

Siku hiyohiyo tulikwenda mahali paitwapo Fords Terror, hori lililochomoza kutoka hori kubwa la Endicott Arm. Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1889 baharia mmoja aitwaye Ford aliingia humo kwa mashua ya makasia maji yakiwa yametulia, kisha mkondo ukaanza kukimbia mlangoni na ukamfungia ndani saa sita. Mlango ni mwembamba mno na maji yote ya hori yanalazimika kupita hapo. Sisi tulifika mapema kidogo, boti za mpira zikazima injini nje ya mlango na tukasubiri. Kijana mmoja wa abiria alianza kunung'unika kuhusu kusubiri. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa anatazama povu: jinsi lilivyokuwa likitoka mbio, likapunguza, likawa linazunguka mahali pamoja. "Sasa," akasema, kwa Kiswahili, bila kumwambia mtu. Haikupita dakika mbili kiongozi wetu akawasha injini tukaingia. Mama aliniambia baadaye kwamba mlango wa mto Pangani ni vivyo hivyo, maji yakitoka na upepo ukivuma kutoka baharini huingii, na babu yangu alipoteza mashua pale kwa kutosubiri. Kisa hicho sikuwahi kukisikia maishani mwangu.

Ndani ni kuta za mawe zilizopanda wima hadi kwenye ukungu, na maporomoko membamba ya maji kila upande, hata huwezi kuhesabu. Hakuna nyumba, hakuna mnara wa simu. Tulikaa humo saa nzima tukisikiliza maji tu. Meli kubwa haiwezi kupita ule mlango, wala hata meli yetu haikupita. Boti za mpira peke yake.

Nyangumi sasa. Matangazo yote yana picha ya nyangumi anaruka nje ya maji, na watu wanakwenda wakidhani wamenunua huo mruko. Siku tatu za kwanza tuliona migongo na mipumuo ya mbali, si zaidi. Siku ya nne, kwenye Frederick Sound, mlango mpana wa bahari kati ya visiwa, nahodha alipunguza mwendo, kisha akazima injini kabisa. Nyangumi wa nundu kama tisa walikuwa wanavua pamoja. Mmoja huzama chini ya kundi la heringi, samaki wadogo wa fedha, akazunguka huku akitoa hewa, na mapovu yanapanda kuwa ukuta wa duara. Samaki hawathubutu kupita ule ukuta. Kisha wote kwa pamoja wanapanda katikati, vinywa wazi.

"Wanazungusha juya!" mama alisema, kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu waligeuka. Niliwatafsiria kwamba ni wavu wa kuzungushia samaki, na kuanzia hapo abiria kadhaa walilitumia neno hilo safari nzima, juya, kila mapovu yalipoonekana.

Mabaharia walishusha maikrofoni ya majini tukawasikia. Kabla ya kupanda, mmoja hupiga ukelele mrefu unaopaa, kisha kimya, kisha maji yanapasuka. Ukishaujua ukelele huo unajua sekunde za kushika darubini. Sheria za Marekani kwa maji ya Alaska zinataka chombo kikae angalau yadi 100, yaani mita 91 hivi, kutoka kwa nyangumi wa nundu, na nahodha aliiheshimu. Wao ndio waliosogea, mara moja karibu mno hata harufu ya pumzi yao, harufu ya samaki waliooza, ikatufika usoni. Tulikaa pale karibu saa mbili. Chakula cha mchana kilichelewa na mpishi hakulalamika. Kwa mbali upeoni ilipita meli kubwa nyeupe, ikaendelea na ratiba yake. Nikafahamu zile dola 6,200 zilikwenda wapi: zilinunua chombo kinachoweza kusimama.

Jambo moja limenikaa moyoni. Nyangumi wale wa kaskazini hula Alaska majira ya joto, na wengi wao huenda Hawaii wakati wa baridi kuzaa, wakikaa miezi bila kula. Na wakati huohuo wao wanapokula kule, ndugu zao wa kusini, jamii ileile ya nyangumi wa nundu, wanapanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu, kuanzia Julai hivi, hadi Watamu, Kenya, na zaidi. Mama aliwaona akiwa msichana, mkubwa na ndama wake, mbele ya Pangani, na wavuvi waliwaogopa. Hakuwa amewahi kujua kwamba kwetu wanakuja kuzaa, na kwamba chakula chao kiko mahali kama pale.

Kuhusu sala, kwa kuwa najua kuna watakaouliza. Mwezi Juni jua la Juneau linatua kama saa 4 usiku na linachomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na giza kamili haliingii. Imamu wetu alituelekeza kabla ya safari namna ya kukadiria Isha na Alfajiri, na nawashauri muulize wa kwenu mapema, msingoje mpaka mko majini bila mtandao. Kibla ndiyo iliyotushangaza. Tulidhani ni kaskazini-mashariki, kama tunavyoelekea Minnesota. Programu ya simu ikaonyesha kaskazini, karibu kaskazini kabisa. Nilidhani imeharibika. Nikaenda kwa nahodha, akachukua tufe dogo alilokuwa nalo na uzi, akaunganisha Juneau na Makka: uzi ulipita karibu na ncha ya dunia na kushuka upande wa pili. Makka iko karibu na mstari uleule wa longitudo upande wa pili wa dunia. Na kwetu Pangani pia kibla ni kaskazini, mpaka wazee wakisema "upande wa kibla" wanamaanisha kaskazini. Basi mama alisali wiki nzima akielekea kulekule anakoelekea nyumbani. Kila meli ilipotia nanga alitoka sitahani kwanza, akaangalia dira ya simu, akarudi kutandika mkeka.

Sasa malalamiko, na nayaandika kwa uzito wake.

Kayaki. Tangazo lilisema tutapiga makasia kila siku. Katika siku saba tulipata mara mbili. Siku moja upepo ulizuia, hilo silaumu mtu. Siku nyingine mbili viongozi wa kayaki walikuwa pungufu, ikawa watu wanachaguliwa kwa bahati nasibu, na wengine wakakosa kabisa. Kama idadi ya viongozi haitoshi, kampuni inajua kabla hatujapanda.

Chakula. Fomu niliyojaza miezi miwili kabla ilieleza wazi: hatuli nguruwe, wala chakula kilichopikwa kwa pombe. Usiku wa kwanza mama aliletewa supu yenye nyama ya nguruwe. Nilihisi harufu kabla hajatia kijiko mdomoni. Jikoni hawakuwa wameiona fomu. Ofisi ya nchi kavu haikuituma. Mpishi mwenyewe alitoka, akaomba radhi, na kuanzia kesho yake alitupikia kwa sufuria ya peke yake, samaki wa samoni, halibati, wali, mboga. Hata alimuuliza mama namna ya samaki wa kupaka, wakatengeneza kwa tui la kopo. Kwa mpishi nina shukrani ya dhati. Kwa ofisi bado nina donge.

Chumba. Namba zilizo mbele kabisa kwenye omo, sitaha ya chini, ziko karibu na mnyororo wa nanga. Saa 11 alfajiri unaamshwa na chuma kama nyumba inabomoka. Mama alishtuka mara ya kwanza hadi akashika moyo. Ombeni chumba cha katikati ya meli. Hakitikiswi sana na mawimbi pia, ingawa njia hizi za ndani zimekingwa na visiwa na hatukulewa bahari hata kidogo.

Niliporudi niliwaandikia. Walijibu baada ya wiki tano, wakatoa punguzo la dola 300 kwa safari ijayo. Pesa za kurudishiwa, hapana. Mtu aliyejinyima miaka mitatu hawezi kutumia punguzo la safari ijayo.

Kisiwa cha Admiralty nakipita haraka, si kwa kuwa hakikuwa kizuri. Watlingit, wenyeji wa asili wa huko, wanakiita Kootznoowoo, ngome ya dubu, na inakadiriwa kina dubu kama 1,600, wengi kuliko watu wanaoishi humo. Tulimwona mama dubu na watoto wawili ufukweni wakati maji yamekupwa, wakila majani kama mbuzi. Tuliwatazama kutoka kwenye boti, kimya.

Siku mbili za mwisho zilikuwa Glacier Bay. Mhifadhi wa hifadhi ya taifa alipanda melini Bartlett Cove, pamoja naye mama mmoja wa Kitlingit wa jamii ya Huna. Tulisafiri kutwa nzima kulipanda lile hori, na njiani mama huyo akatueleza kwamba sehemu ya mwanzo ya ghuba tuliyopita ilikuwa bonde, wazee wao waliishi humo, wakavua samoni. Katika miaka ya 1700 barafu ilishuka ikawafukuza. Mabaharia wa Kiingereza wa George Vancouver walipopita mwaka 1794 walikuta ukuta wa barafu karibu na mdomo wa ghuba. Tangu hapo umerudi nyuma kama kilomita 100. Kisha pakawa hifadhi, na wenyewe walikaa miaka mingi bila nyumba yao humo, hadi mwaka 2016 ilipofunguliwa nyumba ya koo zao pale Bartlett Cove, ya mbao zilizochongwa na wao.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Muulize, walirudi wote?" Nikamtafsiria. Yule mama akanyamaza kidogo, akasema wengi wako Hoonah, ng'ambo ya mlango wa bahari, na kwamba wanapokuja huimba kabla ya kushuka, kuwajulisha wazee waliotangulia. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Kabla ya kuagana alijifunza neno la asante la Kitlingit, gunalchéesh, akalirudia mpaka yule mama akaridhika na koo lake.

Mto wa barafu wa Margerie, yaani barafuto kama wanavyoandika vitabuni, unamalizikia baharini kwa ukuta wa upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na juu ya maji unapanda kama ghorofa ishirini. Rangi yake ni buluu kwa sababu barafu iliyogandamizwa miaka mingi humeza nyekundu na kuachia buluu ipite. Kipande kinapomeguka unakiona kwanza kikianguka bila sauti, kama kitu cha mbali kisichokuhusu. Sauti inafuata, na ukiisikia ni radi. Hapo napo injini ilizimwa. Mapande madogo ya barafu yalikuwa yanapita kandoni yakitoa mlio wa kukaangwa, hewa ya zamani ikitoka. Baharia mmoja alimwokotea mama kipande, mama akakishika mpaka vidole vikamuuma, akaninyooshea.

Kwa watakaokwenda: gambuti hutolewa melini, lakini suruali ya mvua lazima uwe nayo, kwani huu ni msitu wa mvua wa Tongass na sisi tulinyeshewa siku tano kati ya nane. Darubini kila mtu na yake. Mei na Septemba bei hushuka. Nguo za ndani za joto zinatosha kwa wazee kama zina tabaka mbili. Mama hakulalamika baridi isipokuwa mbele ya barafu.

Siku ya kuondoka nahodha alimpa mama ukurasa wa jedwali la maji wa wiki ile, ameutia sahihi. Tulipofika nyumbani alimpigia simu mjomba, Pangani, akawa anamsomea kwa miwani, siku kwa siku, saa na kimo, nami nikibadilisha futi kuwa mita. Mjomba akamkatiza kwamba amesoma vibaya, bahari haiwezi kupwa hivyo. Mama akarudia namba ileile, taratibu, akamwambia achukue kalamu aandike.